Nani Huichora Sura ya Mwenyeji?

Novemba 2022, karibu na kituo cha metro cha Souq Waqif mjini Doha, kijana mmoja Mkenya alikuwa akiketi juu ya kiti kirefu akiwaelekeza mashabiki wa Kombe la Dunia njia ya kwenda kwenye treni. Kazi yake ilikuwa kurudia maneno mawili matatu tangu jioni hadi usiku mkubwa. Akayageuza wimbo. Yeye akitaja metro, umati unaitikia kwamba ni huku, wageni wa kila taifa wakicheka na kuimba naye. Siku chache baadaye video zake zilikuwa zimezunguka dunia, na waandaaji wakamwalika uwanjani awasalimie watazamaji wa mechi ya Uingereza na Marekani. Qatar ilikuwa imejiandaa kwa miaka 12, kwa gharama ambazo makadirio mengi huziweka juu ya dola bilioni 200, ili dunia ione nchi tajiri, ya kisasa na yenye adabu za Kiarabu. Miongoni mwa mambo ambayo wageni waliondoka nayo kichwani, mojawapo lilikuwa sauti ya mhamiaji kutoka Afrika Mashariki.

Kisa hicho kinagusa swali ambalo nchi zetu zinapaswa kulijibu kabla ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa kwa pamoja tarehe 27 Septemba 2023. Wanasiasa husema mashindano makubwa yanaitangaza nchi. Kweli yanaitangaza. Lakini inatangazwa kwa nani, na huyo anayesikia anasikia nini? Mjapani, Mmoroko, Mkongo na Mwingereza hawaketi mbele ya televisheni wakiwa na kumbukumbu moja. Kila mmoja huitazama nchi mwenyeji kupitia mambo aliyoyajua kuihusu tangu zamani, na kupitia ugomvi au urafiki uliopo kati ya nchi hiyo na yake. Msimamo wangu ni kwamba uenyeji hauwezi kuiumba upya sura ya nchi. Huimulika iliyopo, kwa taa kali, na mwenyeji hana mamlaka ya kuamua taa hiyo ielekee wapi.

Mfano ulio wazi ulipita Dar es Salaam. Tarehe 13 Aprili 2008 mwenge wa Olimpiki ya Beijing uliwasili jijini, kituo pekee barani Afrika katika safari yake ya dunia. Wiki moja kabla, London na Paris, mwenge huo huo ulikuwa umezua purukushani barabarani: waandamanaji waliokasirishwa na hali ya Tibet walijaribu kuuzima na kuunyang'anya, polisi wakauzingira, na Paris ikabidi uzimwe mara kadhaa na kupakiwa ndani ya basi. Dar es Salaam ulianzia kituo cha reli ya TAZARA ukaishia Uwanja wa Taifa mpya, ule ambao leo unaitwa Benjamin Mkapa. Reli ilijengwa na Wachina miaka ya 1970. Uwanja ulijengwa kwa msaada wao na kufunguliwa 2007. Watu waliufuata mwenge kwa amani na shangwe. Kwa mwandamanaji wa London, moto ule ulikuwa China ya Tibet. Kwa mkazi wa Temeke ulikuwa China ya reli na uwanja. Hakuna aliyedanganywa kati yao. Kila mmoja alikuwa ameiona China upande uliomgusa. Na hata huku hatukuwa na jicho moja. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira wa Kenya aliyekuwa ameteuliwa kuwa mmoja wa wakimbiza mwenge hapo Dar es Salaam, alijitoa kwa sababu za haki za binadamu.

Kwa hiyo anayesema Olimpiki ya 2008 iliipa China sifa, au iliipaka matope, anapaswa kwanza kueleza anazungumzia macho ya nani.

Qatar ndiko mgawanyiko huo ulikofika kileleni, na inafaa kukaa hapo kidogo. Siku ya ufunguzi BBC haikuonyesha sherehe kwenye chaneli yake kuu. Badala yake watangazaji walijadili haki za wafanyakazi na za wapenzi wa jinsia moja. Siku tatu baadaye wachezaji wa Ujerumani waliziba midomo kwa viganja wakati wa picha ya timu, wakiilalamikia FIFA kwa kuwazuia kuvaa kitambaa cha mkononi walichokitaka. Magazeti mengi ya Ulaya yaliliona hilo kuwa jambo la ushujaa. Mashabiki uwanjani wakalijibu kwa njia yao: Ujerumani ilipocheza na Uhispania, baadhi yao waliinua picha za Mesut Özil huku wao wenyewe wameziba midomo. Özil ni Mjerumani mwenye asili ya Uturuki aliyeiacha timu ya taifa 2018 akilalamikia ubaguzi. Walichokuwa wakisema kilieleweka kuanzia Casablanca hadi Jakarta: mnaotufundisha haki, mmemfanyia nini wa kwenu?

Kisha ikaja tarehe 18 Desemba, siku ya fainali. Lionel Messi alipokuwa akienda kulinyanyua kombe, Amiri wa Qatar, Sheikh Tamim bin Hamad Al Thani, alimvisha joho jeusi lenye tarizi ya dhahabu. Watangazaji na waandishi kadhaa wa Ulaya walikasirika kwamba jezi ya Argentina imefunikwa katika dakika kubwa kuliko zote za maisha yake. Watu wa Lamu, Mombasa na Unguja hawakuhitaji mtu wa kuwafafanulia. Joho wanalijua. Bwana harusi huvishwa, na wenye heshima yao hulivaa siku ya heshima. Kumvika mgeni vazi hilo ni kumpandisha daraja mbele za watu. Picha moja, sekunde zile zile, kwa wengine ikawa mwenyeji anayejipendekeza katika sherehe isiyo yake, kwa wengine mwenyeji anayetimiza wajibu wake kwa mgeni. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa uwanja wa Al Thumama, uliochorwa na msanifu Mqatari, Ibrahim Jaidah, kwa umbo la kofia ya mkono wanayovaa wanaume na wavulana wa Kiarabu. Nani alihitaji maelezo na nani hakuyahitaji ilitegemea amekulia wapi.

Lakini ningekuwa natenda dhuluma kama ningeishia hapo, na kuuacha upande wa wafanyakazi uonekane kuwa chuki za Wazungu tu. Februari 2021 gazeti la The Guardian liliripoti kwamba wahamiaji zaidi ya 6,500 kutoka India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka walikuwa wamefariki Qatar tangu nchi hiyo ipewe mashindano mwaka 2010. Idadi hiyo ilijumuisha vifo vya aina zote, si vya viwanjani pekee, ingawa wengi walioirudia waliliacha jambo hilo. Wakosoaji wa gazeti waling'ang'ania kasoro hiyo, na wao pia wakanyamazia jambo jingine: hesabu ile haikuhusu nchi nyingine zinazopeleka watu wengi kule, ikiwemo Kenya. Miezi michache kabla ya taarifa hiyo, Qatar ilikuwa imeruhusu mfanyakazi kubadili mwajiri bila kibali cha yule wa kwanza, na kuanzia Machi 2021 ikaweka kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi. Utekelezaji ulisuasua, lakini sheria zilibadilika, na zilibadilika kwa sababu dunia ilikuwa inatazama. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodai kwamba kuzungumzia haki za watu wakati wa michezo ni kuharibu sherehe. Pasingekuwa na kelele, joho lingekuwa safi na mlinzi wa getini angebaki mikononi mwa mwajiri asiyeweza kumkimbia.

Wasomi Paul Brannagan na Richard Giulianotti, walioifuatilia Qatar kabla ya mashindano, walionyesha kwamba nchi inayotafuta ushawishi kwa njia ya michezo inaweza kuupoteza kwa njia hiyo hiyo, kwani inayaleta macho yasiyoalikwa. Naafikiana nao, ila ningeongeza jambo ambalo mtu wa kanda yetu atalielewa haraka. Kwa familia ya Kilifi au Jinja yenye binti Doha, sura ya Qatar haikuanza wala kuisha na Kombe la Dunia. Imo katika simu za Ijumaa, katika fedha inayotumwa au inayochelewa, na katika namna binti anavyosema hajambo. Mashindano ya mwezi mmoja hayawezi kushindana na ushahidi wa namna hiyo.

Afrika Kusini ya Kombe la Dunia la 2010 inatufundisha upande mwingine, wa nchi kuonekana na majirani zake. Kabla ya mashindano magazeti ya Ulaya yalijaa hofu: wizi, viwanja visivyokamilika, wageni watakaouawa. Mashindano yakafanyika, zaidi ya wageni 300,000 wakaja, wimbi la uhalifu lililotabiriwa halikuonekana. Kilichobaki masikioni mwa wengi ni vuvuzela, tarumbeta ya plastiki ya mashabiki. Vituo kadhaa vya televisheni vilitafuta njia ya kuichuja sauti yake kwa ajili ya watazamaji waliolalamika, huku kwa waliokuwa Soweto ikiwa ndiyo sauti ya furaha yenyewe. Wimbo rasmi uliimbwa na Shakira, Mkolombia, na kiitikio chake kilitoka kwenye wimbo wa kundi la Golden Sounds la Kamerun. Hata muziki wa kuitambulisha Afrika Kusini ulichukuliwa mahali pengine. Kwa msikilizaji wa Ulaya ilitosha kwamba ni Afrika.

Kwetu Waafrika, picha ya ndani kabisa ya mwaka ule ni robo fainali ya tarehe 2 Julai pale Soccer City. Afrika Kusini ilikuwa imeshatolewa, na wenyeji waliiasili Ghana wakaiita BaGhana BaGhana. Mkono wa Luis Suárez wa Uruguay ulipozuia goli la dakika za mwisho, bara zima liliumia pamoja. Ungedhani pale pale undugu umefungwa kwa fundo. Ila miaka miwili tu kabla, Mei 2008, zaidi ya watu 60 walikuwa wameuawa nchini humo katika mashambulizi dhidi ya wageni, wengi wao Waafrika wenzao. Mashambulizi yakarudi 2015, yakarudi 2019. Septemba 2019 Zambia ilikataa kucheza mechi ya kirafiki na Bafana Bafana, timu ya taifa ya Afrika Kusini, kwa sababu hiyo, na Madagascar nayo ikakataa. Kile ambacho mpira ulikuwa umekijenga machoni pa Afrika kilibomolewa mitaani, na mpira huo huo ukatumika kutangaza kwamba kimebomoka. Sioni hukumu iliyo kali zaidi ya hiyo katika historia yote ya uenyeji barani.

Nani basi hufaidika picha ikiwa nzuri? Kinshasa inaweza kutujibu.

Rais Mobutu Sese Seko aliibadili jina Kongo ikawa Zaire mwaka 1971, akawavua raia majina ya kizungu na suti za kizungu. Mwaka 1974 aliona mahali pa kuionyesha dunia nchi hiyo mpya: serikali yake ilidhamini dola milioni 10, tano kwa Muhammad Ali na tano kwa George Foreman, ili mabondia hao wapigane katika Uwanja wa 20 Mei. Pambano lilipangwa Septemba, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi 30 Oktoba. Tamasha la muziki lililoambatana na pambano halikusogezwa. Kwa siku tatu za Septemba James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba walipanda jukwaa moja na Franco na Tabu Ley, na sidhani kama mji wowote wa Afrika umewahi kukusanya sauti kama zile kwa pamoja. Pambano lenyewe lilianza karibu saa kumi alfajiri, ili watazamaji wa Marekani walione jioni yao. Hilo pekee lilitosha kuonyesha mgeni rasmi ni nani: mji mzima ulikesha ili saa za New York zisivurugwe.

Ali aliushinda moyo wa Kinshasa kabla ya kumwangusha Foreman katika raundi ya 8. Alitembea mitaani, akacheka na watoto, akaiita Afrika nyumbani. Vijana wakamwimbia kwa Kilingala amwue mpinzani wake, na maneno hayo yakaenda duniani kote. Kwa Wamarekani Weusi, Zaire ikawa kwa muda nchi ya heshima yao iliyorudishwa, na hisia hiyo ilikuwa ya kweli. Mobutu hakuipata faida aliyoitazamia. Mwishoni mwa 1973 alikuwa amenyang'anya biashara za wageni na kuwagawia watu wake, bei ya shaba ikaporomoka baada ya hapo, uchumi ukaanguka. Filamu iliyokuja kuliweka pambano lile katika kumbukumbu ya dunia, When We Were Kings ya Leon Gast, ilikamilika baada ya zaidi ya miaka 20, nayo ni filamu ya Ali. Ilipata tuzo ya Oscar Machi 1997. Mei mwaka huo Mobutu aliikimbia Kinshasa. Aliyegharimia picha hakuwa na kauli juu ya nani aonekane ndani yake.

Nisieleweke kwamba hakuna mwenyeji aliyewahi kufanikiwa. Tokyo ilifanikiwa kwa Olimpiki ya mwaka 1964. Mwenge wa ufunguzi uliwashwa na Yoshinori Sakai, kijana aliyezaliwa mkoa wa Hiroshima siku lilipoanguka bomu, 6 Agosti 1945, na watu wa kila utamaduni waliuelewa ujumbe huo bila maelezo. Siku tisa kabla ya ufunguzi treni ya Shinkansen ilikuwa imeanza safari kati ya Tokyo na Osaka. Michezo ikaisha, wageni wakaondoka, treni ikaendelea kufika kwa dakika zake. Sura ile ilidumu kwa sababu kila aliyekuja Japani miaka kumi baadaye aliikuta bado ni ya kweli.

Kigali inafuata njia hiyo kwa bidii kuliko mji wowote wa kanda yetu. Mwaka 2016 iliandaa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, 2022 mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola, na Septemba 2025 mbio za dunia za baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Waliotazama waliona barabara safi, vilima vilivyojaa watu wa kila umri, na mawe ya Kimihurura yakiwachosha waendeshaji bora duniani kabla Tadej Pogačar wa Slovenia hajashinda. Kwa nchi ambayo wageni wengi huijua kwa mauaji ya kimbari ya 1994 pekee, hizo ni picha zilizotafutwa kwa miaka, na wananchi waliopanga mstari barabarani hawakulipwa kufurahi. Lakini Januari mwaka huo mji wa Goma ulikuwa umeangukia mikononi mwa M23, kundi ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba linasaidiwa na Rwanda, jambo ambalo Kigali inalikanusha. Mwezi uliofuata timu moja kubwa ya Ulaya ilijiondoa kwenye Tour du Rwanda kwa hofu ya usalama, na Bunge la Ulaya likataka mbio za dunia zifutwe Rwanda isipobadili mwenendo. Serikali ya Kongo iliziandikia Arsenal, Bayern Munich na Paris Saint-Germain ikizitaka ziachane na mikataba ya kuitangaza Rwanda. Goma na Rubavu zimepakana ukuta kwa ukuta; Kiswahili ni lugha ya soko pande zote mbili. Mtu wa Ubelgiji anaweza kuziona baiskeli na kusahau Goma. Mtu wa Goma hawezi. Kwa maoni yangu hapo ndipo kampeni yoyote ya sura inapofika ukingoni: unaweza kumshawishi aliye mbali, lakini jirani anakuona kila siku.

Pengine ndiyo maana matukio madogo au yanayorudiwa yameifanyia kanda hii kazi kubwa kuliko makombe. Julai 1985 Nairobi ilipokea mkutano wa tatu wa dunia wa wanawake wa Umoja wa Mataifa, na sambamba nao jukwaa la mashirika yasiyo ya kiserikali katika Chuo Kikuu cha Nairobi, lililokusanya wanawake wapatao 14,000. Waliketi kwenye nyasi, wakagombana kuhusu Palestina na ubaguzi wa Afrika Kusini, wakala ugali, wakarudi kwao na Nairobi ya watu halisi. Arusha imejulikana kama mji wa mapatano: ya Rwanda 1993, yaliyovunjwa kwa damu, na ya Burundi tarehe 28 Agosti 2000, yaliyodumu zaidi, tena ikawa makao ya mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda. Hakuna aliyeajiri kampuni ya matangazo ili Arusha ipewe sifa hiyo. Zanzibar nayo, kwa Sauti za Busara tangu 2004, imekuwa kila Februari ikiwakutanisha wanamuziki wa bara zima ndani ya Ngome Kongwe, kwa bajeti ambayo isingetosha hata taa za uwanja mmoja wa Kombe la Dunia. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Kwamba tulikubali likose fedha, huku tukitafuta mabilioni ya viwanja, ni jambo ambalo mpaka leo siwezi kulitetea.

Na kuna wageni ambao huwa hawaji. Julai 2017 Nairobi iliandaa mashindano ya dunia ya riadha ya vijana chini ya miaka 18. Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na nchi nyingine ziliwazuia watoto wao kwa hofu ya usalama. Siku ya mwisho uwanja wa Kasarani ulifurika hadi watu wakabaki nje, kwa mashindano ambayo kwingineko hupata watazamaji wachache tu. Wanariadha waliokuja waliondoka na kumbukumbu ya uwanja uliomshangilia hata wa mwisho kufika. Wale ambao hawakuja walibaki na Kenya ile ile ya maonyo ya safari.

Hayo yote yanatuleta kwenye CHAN ya Agosti 2025, jaribio letu la kweli kabla ya 2027. Mashindano hayo yalikuwa yafanyike Februari, yakasogezwa kwa sababu maandalizi hayakuwa tayari. Tanzania ilifungua kwa kuifunga Burkina Faso 2–0 pale Mkapa, Uganda ikajaza uwanja wa Namboole, Kenya iliyoshiriki kwa mara ya kwanza ikaifunga Morocco. Waandishi wa Afrika Kaskazini na Magharibi waliandika kwa mshangao kuhusu viwanja vilivyojaa kwa mashindano ambayo mara nyingi huchezwa mbele ya viti vitupu. Picha nzuri. Lakini Kasarani watu wasio na tiketi walivunja mageti, na shirikisho la mpira la Afrika, CAF, likaitoza Kenya faini na kupunguza mashabiki hadi 27,000 katika uwanja wa 48,000. Tusilichukulie geti kuwa jambo dogo. Tarehe 24 Januari 2022, kwenye uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, watu 8 walifariki katika msongamano kwenye geti lililofungwa, siku Kamerun ilipocheza na Komoro. Kamerun ilijenga uwanja mzuri, na usiku ule dunia iliongea juu ya geti lake, na juu ya Wakomoro waliomweka beki golini kwa kukosa kipa wakatoka na heshima yote.

Geti ni la uwanjani, na ni la nchi pia. CHAN ilifanyika wiki chache baada ya maandamano ya Juni na Julai 2025 nchini Kenya, ambamo vijana waliuawa. Miezi miwili baada ya fainali, uchaguzi wa Tanzania wa tarehe 29 Oktoba ulifuatwa na ghasia, vifo, amri ya kutotoka nje usiku Dar es Salaam, na kuzimwa kwa intaneti kwa siku kadhaa. Aliyekuwa Rabat au Antananarivo, ambaye Agosti alivutiwa na Mkapa, alitafuta habari za jiji lile lile Oktoba. Hatuwezi kumwomba akumbuke mwezi mmoja na kuusahau mwingine, kama ambavyo sisi hatukuweza kuisahau 2008 ya Johannesburg.

Kwa hiyo, wakati viwanja vya Talanta, Hoima na Arusha vinaandaliwa kwa ajili ya 2027, nina maombi kwa mashirikisho matatu ya mpira na serikali zao. Walinzi wa mageti na vijana wa kujitolea wafundishwe mapema, walipwe vizuri na kwa wakati, kwa kuwa habari zao ndizo ambazo Msenegali na Mmisri watazisimulia nyumbani. Tiketi ziuzwe kwa bei na njia ambayo mwendesha bodaboda wa Kayole au Tandale anaiweza, ili asilazimike kuvunja geti. Shabiki apewe viza moja ya nchi zote tatu, maana viza ya pamoja ya utalii iliyoanza 2014 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda, na Tanzania haimo. Matangazo ya uwanjani yaanze kwa Kiswahili, lugha ambayo Baraza la Mawaziri la Uganda liliipitisha kuwa rasmi mwaka 2022 na ambayo Umoja wa Afrika uliikubali mwaka huo huo. Kanda yetu inaweza kumpokea mgeni katika nchi tatu kwa salamu moja. Na kabla, wakati na baada ya mashindano, intaneti iachwe wazi na waandishi waachwe waandike wanachokiona.